Kambale wa Bwawa la Nne

Kiwandani, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama magoti bado yanakusumbua, basi yakusumbue kwa zamu, siyo yote mawili kwa pamoja. Sisi huku hatujambo. Mke wangu naye hajambo, anakusalimu, ingawa tangu Januari yuko kwao, kule bondeni, anamsaidia mama yake kazi ndogondogo. Mwambie mama sweta alilonifumia limenitosha. Halijanitosha, lakini mwambie hivyo.

Najua umeshangaa kupata barua. Simu huku hushika mtandao juu ya mnara wa tangi la maji tu, na tangu fundi umeme aanguke kutoka kule akimpigia mchumba wake, Meneja amepiga marufuku. Na wewe, tangu simu yako itumbukie chooni, umesema hutaki nyingine. Kwa hiyo barua zetu atazibeba Breki, dereva wa lori linalopeleka mawese yetu mjini kwenu. Anaitwa Breki kwa sababu hajawahi kuzitumia.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Nimepandishwa cheo. Tangu Januari mimi ndiye Ofisa wa Majitaka. Kiwanda kikishakamua chikichi, hubaki maji ya moto yenye rangi ya kahawa, yamejaa mafuta na makapi. Maji hayo hupita mabwawa manne, moja baada ya jingine, yakipoa na kutulia, kisha huingia mtoni. Katika bwawa la nne, la mwisho, tunafuga samaki. Hao ndio ushahidi wetu. Mkaguzi wa mazingira huja kila baada ya miezi minne, husimama ukingoni, huwatazama samaki. Akiona wanaogelea, husaini kibali cha kumwaga maji mtoni, halafu hula chakula cha mchana.

Shida ni kwamba samaki wangu wanakufa. Nimenunua perege mara nne. Siku ya tatu nawakuta wanaelea tumbo juu, kama wakubwa baada ya semina. Nimezika perege wengi kiasi kwamba vibarua wananiita Padri. Ukaguzi ni tarehe 20 Machi.

Wewe umefundisha bayolojia miaka thelathini na moja. Nifanye nini ili samaki wasife?

Mwanao,
Padri wa perege


Mjini, 27 Februari

Mwanangu Padri,

Marahaba. Barua yako ilifika na doa la mawese lenye ukubwa wa sahani, ikabidi niisome nikiielekeza dirishani kama picha ya eksirei. Magoti yangu yamekubali ushauri wako wa zamu: la kushoto siku za kazi, la kulia mwisho wa juma. Mama yako hajambo. Nilimwambia sweta limekutosha, sasa anafuma la pili. Umejitakia. Mimi na wifi yangu huyo tumegombana mara mbili tu mwezi huu, mara moja kuhusu ua na mara moja kuhusu nani kati yetu atakufa kwanza. Anasema mimi, kwa kuwa nimemzidi miaka mitatu. Nimemjibu kwamba nikitangulia nitachagua kiti kizuri.

Tuje kwenye swali lako. Kaa chini, maana unajua shangazi yako akiulizwa saa ngapi huanza kwa kueleza jua.

Samaki hupumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai. Hewa hiyo ni kidogo, haina akiba. Watu wengi hudhani maji ya kiwanda cha mawese ni sumu. Si sumu, ni chakula. Yamejaa mafuta, sukari na makapi laini, na ndani ya maji kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hukiona chakula hicho kama watu waionavyo harusi isiyo na mlinzi mlangoni. Vinaingia, vinakula, vinazaana, na kila kimoja kinavuta pumzi yake. Perege akifika, hewa imekwisha. Hauawi na sumu. Anabanwa pumzi katikati ya karamu ya wengine. Mabwawa yenu yapo ili karamu hiyo ianze na kuishia humo, kabla maji hayajatoka nje.

Kambale ni mnyama mwingine kabisa. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha ziada, kama kichaka kidogo chekundu, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Maji yakiwa hayana kitu, yeye hupanda, hupiga funda moja la hewa, hushuka. Anaweza hata kutambaa kwenye tope kutoka dimbwi moja hadi jingine, na uso wake haubadiliki, uleule wa karani wa manispaa anayekuambia faili lako halionekani.

Weka kambale thelathini. Hawatakufa hata ukiwamwagia supu.

Nimefurahi sana kuulizwa. Niandikie matokeo, na usisahau tarehe. Nilikuwa nikiwanyima alama wanafunzi wasioandika tarehe, na undugu hauna msamaha hapo.

Ni kazi gani ndogondogo za mama mkwe zinazochukua zaidi ya mwezi? Sijauliza. Nimeandika tu.

Shangazi yako


Kiwandani, 2 Aprili

Shangazi, mwalimu wa walimu,

Shikamoo, tena ile ya kupiga magoti, kwa kuwa mimi bado yangu yanakunjika. Sisi hatujambo. Mke wangu bado yuko kwao. Fundi umeme amefunguliwa plasta, na mchumba wake amempata mwingine asiyepanda minara. Breki alikaa na barua yako siku tisa. Anadai aliisahau chini ya kiti, lakini ananiuliza kuhusu kichaka chekundu cha kambale, jambo ambalo mtu asiyefungua barua za watu hawezi kulijua.

Nilifanya ulivyosema. Nilinunua kambale thelathini kwa mzee mmoja mwenye madimbwi. Siku ya kwanza hakufa hata mmoja. Siku ya tatu, hata mmoja. Nilikuwa nikienda asubuhi na koleo la kuzikia, narudi nalo kavu.

Siku ya ukaguzi Meneja alivaa buti mpya zilizokuwa zikilia kama bata. Mkaguzi alifika saa nne, mtu mpole mwenye kitambi na sanduku jeusi la vifaa ambalo huwa analibeba tu. Tukasimama ukingoni. Shangazi, wale samaki walitupamba! Wanapanda, wanachungulia, wanazama, wanapanda tena. Bwawa zima lilikuwa linachemka kama sufuria.

"Wana furaha hawa," mkaguzi akasema.

"Wanakukaribisha, mzee," Meneja akadakia.

"Mwaka jana walikuwa wamepooza. Safari hii mmewapa nini?"

"Upendo."

Mkaguzi alicheka, akapiga makofi kabisa, kama yuko kwenye sarakasi. Kwenye fomu akaandika: samaki wachangamfu. Akasaini hata kabla ya kunawa mikono. Meneja alinishika mkono mbele ya watu wote akaniita injinia, na sasa hakuna anayeniita Padri. Naitwa Baba Kambale.

Haya yote ni yako. Nikipata likizo nitakuja na dumu la mawese, lile jekundu zito unalolipenda.

Mwanao,
Baba Kambale


Mjini, 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako amemaliza sweta la pili, lina mikono mitatu au mimi ndiye nisiyeelewa ufumaji wa kisasa. Msalimie Breki, na kwa kuwa najua anasoma hapa: mzee, funga mkanda.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, mara ya pili nikaacha kwenye ile sufuria inayochemka.

Nifanyie kazi moja. Nenda bwawa la nne na saa ya mkononi. Chagua kambale mmoja unayeweza kumtambua, mwenye kovu au masharubu yaliyokatika. Hesabu amepanda juu mara ngapi kwa nusu saa. Kambale aliye kwenye maji mazuri hupanda mara chache, kwa raha zake, kama mtu anayekwenda dirishani kuona nani anapita. Anayepanda kila dakika hana furaha. Huyo ni mtu aliyetoa kichwa nje ya dirisha la nyumba inayofuka moshi. Na nyinyi mlimpigia makofi.

Pia nijibu swali ambalo ningepaswa kukuuliza Februari. Mwaka jana perege hawakufa. Kimebadilika nini? Kwa kila tani moja ya mafuta mnayokamua, hubaki maji machafu kama tani mbili na nusu, au zaidi. Maji hayo yanahitaji kukaa mabwawani wiki nyingi ili vijidudu vimalize kula. Je, yanakaa?

La tatu ni mkeo. Safari hii nimeuliza.

Shangazi yako


Kiwandani, 14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Kazi nyingi.

Kimebadilika kwamba Desemba tulifungiwa mashine mpya ya kukamua. Mikungu inayoingia ni mara mbili ya zamani. Mabwawa ni yaleyale manne. Yaliyokuwa yanakaa siku sitini sasa hayafikishi thelathini. Nilimwambia Meneja, akasema kibali kimesainiwa, sasa mimi nataka nini. Sikujua nataka nini.

Nimehesabu. Sitaandika nimepata ngapi.

Mke wangu hajambo.

Mwanao


Mjini, 11 Juni

Mwanangu,

Leo naanza na jambo. Salamu zitakuja mwishoni zikipata nafasi.

Jumanne iliyopita Breki alisimamisha lori mbele ya nyumba, na kwa hakika alitumia breki, maana mtaa mzima ulisikia. Akashuka na dumu la lita tano. Alisema mkeo alimsimamisha barabarani kule bondeni na kumwambia: "Mpelekee mwalimu. Mwambie nimesikia yeye ni bingwa wa samaki. Anieleze na hii."

Nilipofungua, mama yako alitoka jikoni akiuliza nani amekufa.

Nilifanya jaribio. Jirani yetu anafuga perege kwenye tangi, akanipa mmoja wa ukubwa wa kidole. Nikamimina yale maji ya mto wa bondeni kwenye beseni, nikamweka perege, nikashika saa. Dakika ya nne alianza kupinda mdomo juu. Dakika ya kumi na moja alilala ubavu. Nikamtoa haraka nikamrudisha kwenye maji safi, na baada ya muda akaamka akanitazama kwa chuki. Ni haki yake. Nikueleze kabisa kwamba hilo ni jaribio baya. Maji machafu yaliyofungwa kwenye dumu kwa siku kadhaa hupoteza hewa yenyewe, na mwanafunzi angeniletea matokeo hayo ningempa sifuri. Lakini Breki alinipa ushahidi ambao hauhitaji beseni. Kwa kuwa wewe hutaki kuandika, nitakuandikia mimi mambo ya nyumbani kwako.

Mkeo aliondoka Januari kwa sababu mitego ya mama yake, kule mtoni chini ya kiwanda chenu, ilijaa samaki waliokufa, asubuhi tatu mfululizo, na kuanzia siku hiyo bibi yule anachota maji kwenye chemchemi iliyo mwendo wa saa moja. Ulimwambia mkeo ni mvua. Mwisho wa Machi alirudi siku moja kukuona, akakuta vibarua wamekubeba juu juu wakiimba Baba Kambale. Akakwambia: "Samaki wako wazima, wa mama wamekufa. Chagua samaki wako." Siku tatu baadaye ukaniandikia kurasa mbili za furaha na mstari mmoja: mke wangu bado yuko kwao.

Usimkasirikie Breki. Mtu anayesoma barua za watu lazima mara moja moja aone aibu kwa niaba yao.

Sasa zamu yangu. Nilijua, mwanangu. Nilijua Februari kabla sijamaliza ukurasa. Samaki wa bwawa la nne ni kipimo. Hukuniuliza maji yasafishwe vipi, uliniuliza kipimo kidanganywe vipi. Mwalimu yeyote angeona. Lakini nimestaafu miaka sita, na kwa miaka sita hakuna mtu aliyeniuliza swali gumu kuliko chumvi iko wapi. Ukaniuliza la samaki, nikanogewa. Nikakueleza mpaka kichaka chekundu. Nilikuwa mtamu sana kwa sauti yangu mwenyewe, na wewe ukaenda ukampaka mkaguzi mafuta kwa mgongo wa chupa, chupa yenyewe nikiwa nimekushikia mimi. Kosa tumegawana, na fungu langu ndilo kubwa.

Wala sijifanyi malaika wa msituni. Sabuni niliyonawia mikono baada ya lile beseni ina mawese. Biskuti za mama yako zina mawese. Sikuambii kiwanda kifungwe. Nasema karamu iishie mabwawani.

Kama utataka, na ni wewe wa kutaka: siku ya ukaguzi weka perege kumi kwenye kizimba cha wavu, ukizamishe bwawa la nne mbele ya mkaguzi, halafu mwombe afungue lile sanduku jeusi. Ndani kuna kifaa cha kupima hewa ya majini, na kinatumia betri za kawaida. Nenda na betri zako. Ni rahisi kwangu kusema, kwa kuwa mimi sina kazi ya kupoteza. Nina pensheni na magoti.

Mama yako anakusalimu. Amenizuia kutumia beseni lake maisha.

Shangazi yako


Kwa Breki, 23 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa chumbani kwa Breki, ambako nimehamia. Anakoroma hata akiwa macho. Anakushukuru kwa kumtetea, na anasema hiyo barua hakuisoma.

Nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo.

Tarehe 20 tulisimama palepale ukingoni. Kambale wakaanza michezo yao. Mkaguzi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Ona, mzee, hawajakusahau," Meneja akasema.

Mimi nikasema, "Hawachezi. Wanatafuta hewa."

Unajua kile kimya cha mtu anapojamba mbele ya wakwe? Ndicho hicho. Meneja akacheka peke yake, akaona hajasaidiwa, akaacha. Nikavuta kizimba nilichokificha kwenye nyasi, na perege kumi kwenye ndoo, wazima, wanarukaruka. Nikawazamisha. Mkaguzi akatazama saa yake. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu hakujua atazame wapi.

Wa kwanza alilala dakika ya sita. Meneja akaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuhusu ajira tunazotoa.

"Hao perege umewanunua wagonjwa!" akanigeukia.

"Wote kumi?" mkaguzi akauliza.

"Ni ukoo mmoja, mzee. Wanarithishana."

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anawatazama kambale, mmoja mmoja, wanavyopanda na kushuka. Akaniuliza polepole, "Hata Machi walikuwa hivi?"

"Hata Machi."

"Nilipiga makofi mimi."

"Ulipiga, mzee. Na mimi nilifurahi."

Akafungua sanduku. Kifaa kilikuwa bado kimefungwa nailoni ya dukani. Tukasoma maelekezo pamoja, mimi na yeye, tumechutama kama watoto wa darasa la pili, nikamtilia betri. Kwenye mfereji wa kutokea mtoni kilisoma sifuri nukta nne. Akapiga hatua mia moja juu ya kiwanda, mahali ambapo mto haujatukuta bado. Sita nukta tisa. Akarudi akapima tena mfereji wetu, akidhani kifaa kimeharibika. Sifuri nukta nne.

Alichana fomu yake akaanza nyingine. Mlango wa mfereji ufungwe siku hiyohiyo. Mashine mpya isimame mpaka yachimbwe mabwawa mengine mawili, tena yenye kina cha mita tano. Na michikichi iliyopandwa mpaka ukingoni mwa mto ing'olewe, irudishwe miti. Hilo la michikichi mimi sikuliuliza, alilitazama mwenyewe alipokuwa akitembea. Inaonekana mtu akianza kutazama haachi.

Saa tisa Meneja aliniita ofisini. Hakufoka. Alisema kampuni inanitakia kila la heri, na kwamba buti za mpira nilizovaa ni mali ya kampuni. Nilizivua mlangoni. Nimevuka uwanja mzima wa kiwanda kwa soksi, na moja ilikuwa na tundu la kidole gumba. Vibarua walijipanga kunitazama. Hakuna aliyeimba.

Wale perege niliwazika mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa hata koleo ni la kampuni.

Mwanao


Mjini, 9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na leo naitikia nikiwa nimesimama.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mama yako. Nilipofika kwenye kazi yako alilia, na mimi nililia kwenye perege kumi, tukaambukizana, tukamaliza kitambaa kimoja. Baadaye akasema atakufumia soksi. Nimeshindwa kumzuia.

Nilitaka kukueleza kwa nini mto hautapona haraka hata mfereji ukifungwa: makapi yaliyotulia chini yataendelea kuliwa na kunyonya hewa kwa miezi, na samaki hawarudi kwa amri. Lakini nadhani unajua.

Umeandika kurasa nne. Mkeo hayumo hata kwenye mstari mmoja. Umemwambia nini?

Shangazi yako


Bwawa la tano, 28 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, viganja vimejaa malengelenge. Soksi zimefika. Zimenitosha, na safari hii ni kweli. Mwambie mama.

Sikumwambia mke wangu kitu. Nilikwenda bondeni siku mbili baada ya kufukuzwa, nikasimama uani kwa mama mkwe nikiwa na hotuba nzima kichwani, ile ya vijidudu na karamu, nimeikariri kutoka kwako. Mama mkwe akanipa ndoo mbili akasema chemchemi ni njia ile. Nilikwenda mara tatu. Mke wangu alikuwa anakaanga kitu, hakugeuka. Jioni nikarudi kwa Breki. Ndiyo maana hayumo kwenye barua, Shangazi. Sikuwa na la kuandika.

Mwezi uliopita mkandarasi wa mabwawa mapya alifika na katapila. Lilichimba siku nne likazama kwenye tope, na bado liko humohumo, limeinamisha kichwa kama limetukanwa. Akaanza kutafuta watu wa mabeleshi. Mimi ndiye ninayejua mteremko wa maji pale kuliko mtu yeyote, kwa hiyo kiwanda kilichonifukuza nikiwa ofisa sasa nakiingia kwa geti la nyuma nikiwa kibarua. Meneja hupita ukingoni na zile buti zake. Hunitazama, hutazama mbali. Nina furaha ya ajabu kila zinapolia.

Mto haujapona. Mama mkwe anasema maji yametoka rangi ya kahawa yakaja rangi ya chai. Samaki hakuna. Mitego ameiegemeza ukutani na bado anakwenda chemchemi, ila siku hizi kila Jumapili ndoo nazibeba mimi.

Jana mchana nilikuwa chini ya shimo, nikasikia wenzangu wamenyamaza. Nikainua kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama ukingoni na kanga kiunoni. Amekuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Limefika kina gani?" akauliza.

"Mita mbili."

"Linatakiwa?"

"Tano."

Akapima kwa macho kutoka juu mpaka kwenye visigino vyangu. Kisha akavua kandambili, akazipanga vizuri ukingoni, akashuka kwa ngazi. Mwenzangu mmoja alikuwa amekwenda kunywa maji, beleshi lake limesimama kwenye udongo. Akalichukua.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo yote, Shangazi, Januari na mvua na makofi na kila kitu, ilikuwa imejipanga ulimini.

"Usinieleze," akasema. "Sogea."

Nikasogea.

Mwanao